Nyota 3 na nusu kwa FOIA: tulivyoomba karatasi za Coldwater Creek kwa ajili ya bustani ya Papa

Wapendwa, leo sitoi maoni ya duka wala mgahawa. Nataka niongelee huduma ambayo nimeitumia karibu mwaka na nusu sasa na watu wetu wengi huku hawajui hata kama ipo, ile ya kuomba karatasi za serikali ya Marekani kwa sheria ya FOIA, huku wanaitamka foya. Naipa nyota 3 na nusu kati ya 5. Kuna wiki nilikuwa tayari kuipa moja, na kuna usiku mmoja niliipa tano huku machozi yananitoka, kwahiyo nivumilieni nieleze yote.

Mimi naishi Florissant, kaskazini ya St. Louis, Missouri, kwetu Tanga. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mzee Mkongo, namwita Papa kama wote wanavyomwita, mtu wa Likasi kule Katanga, alikaa kambini Zambia miaka mingi yeye na mkewe ndio wakaletwa huku. Papa bila jembe haishi. Nyuma ya nyumba aliyopanga ardhi inateremka mpaka kwenye kijito, na pale chini kwenye rutuba ndipo alipolima matembele na lengalenga, yaani mchicha wetu, mboga ambayo Waafrika wa mtaa mzima tunakula, mimi na wanangu tumekula misimu miwili kamili. Sasa siku moja mama mmoja mzungu, mtu mzima, kazaliwa mtaa huu huu, akasimama uani akamwambia asichimbe kule chini, kile kijito ndio Coldwater Creek na kina uchafu wa bomu la atomiki. Papa kiingereza chake cha kuungaunga, akaelewa neno bomu, akaja kunigongea mlango na jembe bado liko mkononi.

Ngoja niwape habari yenyewe maana bila hiyo hamtaelewa tuliomba nini. Mwaka 1942 kampuni ya Mallinckrodt hapa St. Louis mjini ilianza kusafisha urani kwa ajili ya mradi wa siri wa bomu la atomiki, na urani ya hapa ilitumika Chicago tarehe 2 Desemba 1942 kwenye lile tanuri la kwanza la nyuklia duniani. Makapi yaliyobaki, kuanzia 1946, yakawa yanapelekwa kwenye kiwanja cha kama ekari 21 pembeni ya uwanja wa ndege, yakaachwa nje, mengine malundo wazi mengine kwenye mapipa, mvua inanyesha, upepo unapeperusha, na Coldwater Creek inapita hapo hapo ubavuni. Mwaka 1966 yakauzwa yakahamishiwa Latty Avenue kule Hazelwood, halafu 1973 kama tani 8,700 za makapi zikachanganywa na tani 39,000 hivi za udongo zikaenda kumwagwa West Lake, dampo la taka za kawaida kule Bridgeton. Kijito kina urefu wa kama kilomita 30, kinapita nyuma ya nyumba za watu, viwanja vya michezo, mashule. Watoto wa miaka ya 60 na 70 walioga humo. Mwaka 2019 shirika la afya la serikali kuu, ATSDR, ndio likaandika kwamba waliokuwa wanacheza au kuishi karibu na kijito kuanzia miaka ya 1960 mpaka ya 1990 huenda hatari yao ya saratani ya mapafu, ya mifupa na ya damu imeongezeka. Kusafisha kuko mikononi mwa kikosi cha wahandisi wa jeshi tangu 1997 na kwenye kijito wanakadiria kumaliza 2038. Elfu mbili thelathini na nane jamani, na bomu lenyewe lilitengenezwa kabla mama yangu hajazaliwa.

Swali la Papa lilikuwa moja tu na hakulibadilisha tangu siku ile. Udongo wa bustani yangu umepimwa au haujapimwa, na kama umepimwa waliona nini?

Sasa nije kwenye huduma yenyewe. Unaingia foia.gov, unachagua ofisi, unajaza fomu. Na hapa naweka nyota ya kwanza kwa moyo wote: huulizwi uraia. Sio lazima uwe Mmarekani, sio lazima uwe na grini kadi, hata ukiwa Mbagala au Kakuma unaweza kutuma ombi, sheria inasema mtu yeyote. Na huulizwi unazitakia nini. Papa alikuwa anaogopa sana, alisema kwao ukiuliza serikali karatasi za mgodi utaulizwa umetumwa na nani, nikamsomea fomu yote mstari kwa mstari mpaka akaamini hakuna sehemu ya hilo swali. Sheria ilisainiwa na rais Johnson tarehe 4 Julai 1966, kwahiyo wana mazoea nayo.

Kosa langu la kwanza ni hili msirudie. Niliandika naomba nyaraka zote kuhusu uchafuzi wa mionzi Coldwater Creek. Zote! Nikajiona nimefanya kazi. Ofisi niliyowaandikia sitaitaja, na niliandikia zaidi ya moja kwahiyo msikisie, wakanitumia namba ya faili na barua kwamba wamepokea, nikasubiri zile siku 20 za kazi zilizoandikwa kwenye sheria nikidhani siku ya 21 mafaili yanaingia kwenye imeili. Wapi. Zile siku 20 ni za wao kukujibu ombi lako watalifanyaje, na wakisema kuna mazingira yasiyo ya kawaida wanaongeza 10, na baada ya hapo unaingia foleni. Miezi ikapita. Nikipiga simu dada mpole kabisa ananiambia liko kwenye mchakato. Mwisho ikaja barua kwamba ombi ni pana mno, litahusu maboksi na maboksi ya miaka zaidi ya 70, nipunguze au nikubali gharama, na makadirio ya gharama yaliyoandikwa pale yalikuwa ni kodi yangu ya nyumba ya miezi kadhaa. Nilikaa nayo ndani ya gari nje ya kazini nikashindwa kushuka. Hapo ndio ile nyota moja.

Kuhusu hela nieleze vizuri kwasababu watu wengi wanaishia hapo. Ukiomba kama mtu binafsi, sio kampuni ya biashara, masaa 2 ya kutafuta na kurasa 100 za mwanzo ni bure. Ukizidi hapo wanaweza kukutoza. Lakini unaweza kuomba msamaha wa ada, na usiseme huna hela maana hiyo sio hoja wanayoitaka, unatakiwa uoneshe kwamba karatasi zikitoka zitawasaidia wananchi wengi kuelewa serikali inafanya nini na wewe hufanyi biashara nazo. Mimi mara ya pili niliandika kwamba nitazitafsiri kwa kiswahili nizisome kwa majirani wasiojua kiingereza, na ni kweli ndicho nilichofanya, wakakubali.

Aliyenitoa kwenye shimo ni dada wa maktaba ya mtaa. Nilienda kuprinti ile barua, akaisoma, akaniuliza kwani nimeshaangalia vilivyo wazi tayari? Nikasema vipi hivyo. Kumbe sheria ya usafishaji ya 1980, wanayoiita Superfund, inalazimisha kila eneo kuwe na jalada la nyaraka ambalo mwananchi analifikia karibu na eneo lenyewe, bila ombi, bila foleni. Mipango ya usafishaji, ripoti za sampuli, ramani, vyote vimo. Na zaidi ya hapo wakazi wa huku walishaomba miaka na miaka na walivyopata wamevianika. Mwaka 2023 Missouri Independent, MuckRock na shirika la habari la AP walitoa habari zao kutokana na kurasa zaidi ya 15,000 ambazo watafiti wa nje ya vyombo hivyo walizipata kwa FOIA hii hii, na nyaraka zenyewe unaweza kuzifungua ukasoma. Mimi nilikuwa nasubiri kwenye foleni kitu ambacho sehemu yake kilikuwa tayari mezani miezi yote ile.

Basi tukaanza kusoma. Jumapili baada ya kanisa Papa anakuja na mkewe, mama anapika, mimi natafsiri kwa sauti. Kurasa za zamani zimepigwa kwa taipu na skani yake mbaya, herufi zimefifia, nyingine inabidi ukuze mpaka macho yaume. Kuna karatasi ya 1949 inayoonesha kampuni ilijua kwamba mapipa ya makapi yanayoitwa K-65 yanaoza kandokando ya kijito, na wakaona kuyahamishia kwenye vyombo vipya ni hatari mno kwa wafanyakazi watakaoyashika. Yaani mtu mzima na kazi yake na vifaa vyake asiyashike, lakini kijito kinachokwenda nyuma ya nyumba za watu kiachwe kiyapokee. 1949! Nilisoma hiyo sentensi kwa kiswahili mara mbili kwasababu Papa alidhani nimekosea kutafsiri.

Halafu ndio tukafika kwenye asili ya hiyo K-65. Ni makapi ya mawe ya Kongo. Mawe ya Shinkolobwe, kama kilomita 20 tu kutoka Likasi, yalikuwa na oksidi ya urani mpaka asilimia 65 wakati mawe ya migodi ya huku Marekani hata asilimia moja hayafiki. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, ndio walikuwa wanachimba, wakati wa vita zaidi ya tani 1,000 zilikuwa tayari zimewekwa kwenye ghala New York, na tawi lao la kuuza, African Metals, liliuza urani likabakisha haki ya radiamu, kitu kingine cha mionzi kilichomo kwenye makapi, ndio moja ya sababu makapi yale yalitunzwa badala ya kuzikwa. Nilipotamka Shinkolobwe Papa akaweka kijiko chini. Akasema, "Soma tena pale, mwanangu." Nikasoma. Akasema baba yake alikuwa kazi Union Minière, enzi hizo Likasi wanaiita Jadotville, na alikuwa anarudi nyumbani na vumbi la njano kwenye nguo na mama yao anafua kwa mikono. Halafu akasema polepole, "Ile mawe ni ya kwetu." Mtu amekimbia vita, amelala kambini miaka, amevuka bahari, amefika nchi ya mbali kabisa akachimba bustani, na kilichomo kwenye udongo ni kilekile alichokuwa anakipepeta baba yake. Mimi nililia, mkewe alilia, Papa hakulia alibaki anaangalia dirishani upande wa kijito. Huo ndio usiku wa nyota tano, kwasababu bila mtu kuomba hizo karatasi hakuna mtu duniani angemwambia mzee huyu jambo hili.

Kwa wanaouliza kama FOIA inazaa matunda kweli, mfano ni shule ya msingi inayoitwa Jana, hapa hapa Florissant. Wahandisi wa jeshi walikuwa wamepima sampuli karibu na shule, na 2022 dada mmoja wa shirika la mazingira, Missouri Coalition for the Environment, alipata ripoti ile kwa FOIA akaipeleka mbele ya bodi ya shule mwezi wa Juni. Baadae wakaja wapimaji binafsi nao wakasema wamekuta mionzi ndani ya eneo la shule, Oktoba mwaka ule shule ikafungwa, halafu wahandisi wa jeshi wakapima upya wakasema shule ni salama, mvutano mkubwa. Uamini upande upi ni wewe, ila wazazi walibishana wakiwa na karatasi mkononi na hilo ni tofauti kubwa sana na kubishana kwa tetesi.

Ombi langu la pili niliandika kama nampa fundi vipimo vya kabati. Naomba matokeo ya sampuli za udongo na ramani zake, kingo za Coldwater Creek, kati ya barabara fulani na barabara fulani, kuanzia mwaka fulani mpaka mwaka fulani, kwa thoriamu 230, radiamu 226 na urani, kwa PDF. Majina ya elementi niliyatoa kwenye ripoti za maktaba. Jibu lilikuja ndani ya miezi minne, majedwali na ramani, kurasa chini ya 100, sikulipa hata senti. Tofauti na ombi la kwanza ni usiku na mchana.

Ila sasa nusu ya ramani ni wino mweusi. Kila penye anwani ya nyumba wamepaka. Pembeni wameandika kifungu cha 6, kile cha faragha ya watu, sheria ina vifungu 9 vya kuzuilia na hicho ndio kimetuangukia sisi. Naelewa kwanini mtu hataki jirani ajue kiwanja chake kimekutwa na nini, bei ya nyumba itaanguka, lakini Papa alikuwa ameshika ramani ya mtaa wake mwenyewe, anaona kona ya kijito anayoijua, anaona vidoti vya sampuli, na hawezi kujua kidoti kipi ni cha kwake. Alivipitisha kidole kimoja kimoja. Kwa hilo napunguza nyota nzima na sirudishi.

Nilikata rufaa. Kukata rufaa ni bure, wanakupa angalau siku 90, unaandika barua tu huhitaji wakili. Pia kuna ofisi ya usuluhishi ndani ya idara ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, inaitwa OGIS, kazi yake ni kuwakutanisha nyie na ofisi mliyogombana nayo, nao ni bure, na mtu wa huko alinisikiliza vizuri na kuniambia jambo ambalo hakuna mwingine alinidokeza: kiwanja kikipimwa, matokeo hupelekwa kwa mwenye kiwanja. Mwenye kiwanja sio Papa, Papa ni mpangaji. Barua kama ipo iko kwa mwenye nyumba!

Tukamwandikia mwenye nyumba. Kimya wiki tatu. Tukaandika tena kwa barua ya kusainiwa akipokea, akapiga simu, sauti ya mtu aliyeshtuka, anasema anayo, iko kwenye faili na mambo ya bima, hakujua kama mpangaji analima. Akatuletea kopi mwenyewe. Sehemu ya juu karibu na nyumba hakukutwa kitu cha kuondolewa. Ukanda wa chini karibu na maji umo kwenye orodha ya kusafishwa. Bustani ya Papa yote ilikuwa kwenye ukanda wa chini.

Sitawaambia tumepata madhara gani kwa zile mboga kwasababu daktari wetu amesema hakuna kipimo cha kumwambia hilo kwa uhakika, ameandika kwenye faili za watoto na tunaendelea kwenda kliniki. Lakini walaji wote wa mtaa tuliwaita tukawasomea barua kwa kiswahili na mwingine akatafsiri kwa kinyarwanda.

Mambo mawili ya haraka kwa walioko huku. Moja, tangu Julai 2025 sheria ya fidia kwa walioathirika na mionzi, RECA, imeongezwa mpaka baadhi ya maeneo ya St. Louis, unatakiwa uwe umeishi kwenye zip kodi zilizotajwa angalau miaka 2 tangu 1949 na umepata moja ya saratani zilizoorodheshwa, fidia ni angalau dola 50,000, na kama mgonjwa ameshafariki familia 25,000, mwisho wa kuomba ni 31 Desemba 2027, kwahiyo tunzeni mikataba ya nyumba na bili za umeme kama ushahidi. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawamo. Pili, kwa ndugu zetu nyumbani, Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30, na Kenya ina ya kwao ya mwaka huo huo na siku 21. Nikiwaza mradi wa urani wa Mto Mkuju kule Namtumbo nawaomba watu wa Ruvuma muanze kuomba vipimo vya maji na udongo sasa hivi kabla mtu hajachimba sana, muwe na karatasi ya kulinganishia. Huku wameanza kuuliza wakati makapi yameshakaa miongo.

Kwahiyo nyota 3 na nusu. Wino mweusi na foleni ndio vimeiangusha. Kuitumia nitaitumia tena, na ukiitumia anzia maktaba, soma vilivyo wazi, halafu omba kitu kidogo chenye mipaka.

Rufaa yetu bado iko kwao. Papa sasa analima kwenye ndoo na mabeseni juu karibu na mlango, udongo wa kununua, lengalenga imeota vizuri. Na Jumapili hii tunaandika ombi jipya, hili ni la kwake, la Nyaraka za Taifa: karatasi zozote za mradi wa bomu zinazotaja wafanyakazi wa mgodi wa Shinkolobwe, vipimo vyao vya afya, orodha za majina, 1942 mpaka 1947. Ameshaniletea jina la baba yake kwenye kipande cha daftari, ameliandika kwa herufi kubwa ili nisikosee.